Ukuta Aliojenga Karani Mwenyewe

"Uliziba ufa juzi, leo iko wazi tena!"

"Ni mvua, Mama Odile. Hapa Kasongo nyumba zote zinapasuka wakati wa mvua."

"Mvua inagonga? Mvua inaita mutoto wangu kwa jina?"

Karani Zéphirin alimgeuzia mkewe Marcelline mgongo. Walisimama nyuma ya nyumba yao ya matofali, mbele ya ufa uliopanda kwa urefu wa mtu. Upande wa pili kulikuwa na chumba kilichotumika miaka yote kama stoo, mpaka binti yao Odile, mwenye miaka sita, alipohamishiwa humo. Tangu siku hiyo, kila saa nane mchana ukuta uligonga mara tatu, polepole, na chumba kikajaa harufu ya udongo mbichi. Odile alisema kuna mtu anamwita kwa jina humo, akaacha kula. Asubuhi hiyo mama yake alimkuta na udongo mwekundu kinywani.

Ndiyo maana Marcelline alimwita fundi Faradji bila kumuuliza mumewe.

Mzee Faradji alipitisha kiganja ukutani.

"Ufa wa kawaida unafuata chokaa kati ya matofali, unashuka kama ngazi," alisema kwa sauti ndogo. "Huu umekata matofali yenyewe. Na ukuta umebonyea huku, umefura kule ndani, kwa kitanda ya mutoto. Kuna kitu iko inasukuma." Akaonyesha kwa kidole. "Tena angalia, mama. Hapa viungo vya matofali vimesimama kimoja juu ya kingine, toka chini mpaka juu. Hakuna fundi anajenga hivi. Alijenga mutu asiyejua kazi."

"Nani?"

"Aseme Bwana Karani. Ao niseme mimi?"

"Nyamaza! Mimi nilikuita?"

"Hapana, muke wako aliniita. Basi namujibu yeye."

Akaeleza. Miaka kumi na minane nyuma yeye na mafundi wenzake walikuwa wakichimba kichuguu kikubwa kwenye njia ya Lusangi, wapate udongo wa matofali ya nyumba hii. Saa nane mchana kichuguu kikaporomoka, kikamfunika mwenzao Bulaimu. Walimsikia akigonga kwa mpini wa jembe, mara tatu, kimya, mara tatu tena, lakini Karani, aliyetaka nyumba iishe kabla muzungu wa teritwari, mkuu wa wilaya, hajaja kuikagua, alisimama na fimbo mkononi akawaamuru wachimbe udongo upande mwingine kwanza, nao wakachimba huku wakisikia kugonga kule kukififia, mpaka jua lilipoinama wakamtoa, naye alikuwa baridi. Kesho yake Karani aliamuru udongo ule ule ufyatuliwe matofali. Mafundi wote walikataa kuyagusa matofali hayo.

"Akajenga ukuta huu nayo yeye mwenyewe," alimaliza Faradji.

Ilikuwa saa nane. Ukuta ukagonga. Marcelline alikimbia ndani, na huko, katika harufu nzito ya udongo, akamkuta Odile amebandika sikio ukutani, macho wazi, akijibu kwa kidole chake kidogo, moja, mbili, tatu.

"Mama," alinong'ona mtoto, "anauliza kama baba iko."

Marcelline alimbeba, akaenda naye moja kwa moja kwa Faida, mjane wa Bulaimu, akapiga magoti.

Kesho yake mchana Faida alifika. Zéphirin alimpokea kwa mbuzi na vitenge viwili. Mjane hakuvitazama. Aliingia chumbani, akaweka midomo kwenye ufa, akasema kwa Kizimba, lugha ya kwao, muda mrefu, kwa sauti ya mke anayemkaribisha mumewe aliyechelewa kurudi shambani. Saa nane ikafika, ikapita. Ukuta haukugonga. Harufu ikaisha, na Odile akaomba wali.

Marcelline alilia kwa furaha. Zéphirin alimfuata mjane mpaka mlangoni, akijipangusa jasho na kucheka peke yake.

"Asante, mama. Asante sana. Umemufukuza?"

Faida alivuka kizingiti, ndipo akageuka.

"Nimemuambia amuache mutoto, Karani. Nimemuonyesha kitanda yako."