Saa Sita Bila Simu

Walikutana dukani, kwenye vifaa vya simu, siku ya mwisho wa mwezi, watu wamebanana hadi mlangoni. Wote wawili walishika boksi moja, la ekstenda ya mwisho, kifaa cha kusogeza waifai mbali. Yule dada alikuwa fundi cherehani, amevaa gauni la njano alilolishona mwenyewe. Yule kaka alikuwa fundi minara ya simu, buti zimejaa vumbi. Kaka akamwachia dada boksi kwa sharti moja, kwamba yeye mwenyewe aje kumfungia. Akaja, akaichomeka ukutani, waifai ya nyumba ya mama yake dada ikafika chumba cha uani cha kushonea. Toka siku hiyo hakukosa sababu ya kuja kuikagua.

Sasa ulikuwa mwezi wa nane tangu wakutane, na dada alikuwa anaishi kwa hofu. Mpenzi wake alipanda minara mirefu kuliko ghorofa kumi. Mnara ukizimwa kwa matengenezo eneo zima linakosa mtandao, kwa hiyo alitumia waifai ya setilaiti ya kambi ya mafundi, na kila siku saa sita alimpigia kumwambia neno moja: nimeshuka. Jana walikuwa wamegombana. Dada alimtaka achague, yeye au minara, na kaka akaondoka bila kuaga.

Leo saa sita ikapita, na saa saba. Redio ikatangaza kwamba fundi mmoja ameanguka kutoka mnarani. Jina halikutajwa.

Akaandika, "Umeshuka?" Ujumbe haukwenda. Bando la intaneti lilikuwa limeisha tangu juzi, lakini waifai ilionyesha mistari yote imejaa, kwa hiyo akaamini tatizo liko kule kwa mwenzake. Akampigia mama kwa salio la kawaida, aliyefunga nyumba na kwenda saluni.

"Mama, nahisi amekufa. Waifai imejaa, lakini ujumbe haumfikii."

"Mwanangu, asubuhi nimebadilisha paswedi. Majirani walikuwa wamejazana humo."

Ndipo alipoitazama ekstenda. Taa yake ilikuwa nyekundu. Simu ilikuwa imeishika ekstenda, na ekstenda, yenye paswedi ya zamani, haikuwa imeshika kitu. Akachukua sindano, akabonyeza kitundu cha kuanza upya, akaanza kuingiza paswedi mpya aliyotajiwa na mama. Akakosea mara mbili. Hofu ilizidi badala ya kupungua. Je, taa ikiwaka kijani na kusiwe na ujumbe wowote?

Ikawaka. Simu ikalia mfululizo. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa saa sita: "Nimeshuka." Kisha: "Aliyeanguka ni mwenzangu. Amevunjika mguu, yuko hai." Wa mwisho: "Kama umeniacha, niambie tu nijue."

Kabla hajajibu, akapigiwa.

"Mbona kimya, mpenzi? Nilijua umeniacha."

"Nilijua umekufa."

Dada alikuwa analia, na kule kambini fundi minara amejifungia ofisini, anajifuta macho kwa glovu.

"Alipoanguka nilikuwaza wewe tu," alisema. "Nataka kukuoa. Lakini sitakudanganya, kesho napanda tena."

Dada aliichomeka sindano kwenye kitambaa.

"Nitaogopa kila siku," akasema. "Bora niogope nikiwa mkeo."