Kofia Juu ya Kiti

Mume wangu ni fundi viatu. Ana kofia moja ya kijivu, na kofia hiyo inafanya kazi kuliko kichwa chake. Akikuta watu kwa kinyozi, anaiweka kitini na kurudi zake kazini. Kwenye foleni ya maji, anaiweka juu ya ndoo imshikie zamu. Mtaani kwetu kila mtu anaijua. Hakuna anayeigusa.

Basi mama yangu akavunjika mguu. Akafungwa plasta kutoka pajani hadi kwenye kifundo, mguu ukawa haukunjiki. Daktari wa mifupa yuko mji mwingine. Alisema mama arudi Jumatatu, akafunguliwe.

"Mama akae kiti cha mbele kabisa," nilimwambia mume wangu. "Kwingine mguu hauingii. Umeweka nafasi?"

"Ondoa shaka. Nimemuuliza karani wa mabasi, kasema nafasi zipo tele."

Jumatatu tulifika stendi mapema. Mume wangu akapanda basi, akaweka kofia kwenye kiti cha mbele, akashuka kumsaidia mama. Kumpandisha mama ni shughuli! Magongo huku, mguu kule. Tulipofika juu, bwana mmoja mnene alikuwa amekaa pale. Kofia ameipakata.

"Samahani, ndugu, hapo pana mtu," mume wangu akasema.

"Palikuwa na kofia," yule bwana akajibu. "Mtu ndiye mimi. Tiketi yangu hii hapa."

Kweli, ilikuwa na namba ya kiti kile. Mama akajaribu viti vya nyuma. Mguu ukagoma. Basi likaondoka bila sisi.

Mama alikaa kwenye benchi, machozi yakimlengalenga. "Nimechoka kubebwa kama gunia," akasema. "Nilijua leo nitakanyaga chini."

Roho iliniuma. Hasira nazo! Tukarudi nyumbani.

Jioni akaja jirani yetu, Mama Pacha. Yeye huwakatia abiria tiketi kwenye kampuni nyingine ya mabasi. Aliposikia habari ya kofia, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akavuta kigoda.

"Shemeji, wewe uliulizia tu. Hukuweka nafasi."

"Si yale yale?"

"Wapi! Kuulizia ni kutaka kujua. Kuweka nafasi, wengine tunaita kubuku, ni kukubaliana na mwenye kitu akutengee, asimpe mwingine. Iwe kiti, chumba cha wageni au ukumbi wa harusi, ni hivyo hivyo."

"Na kofia yangu?"

"Kofia ni ya wanaokujua. Abiria hakujui wewe wala kofia yako."

Hapo hata mama akacheka.

"Nenda ofisi ya mabasi," Mama Pacha akaendelea. "Taja jina la msafiri, siku na kiti chenyewe. Waambie mguu haukunjiki. Uliza watakushikia mpaka lini, maana muda ukipita wanampa mwingine. Usiondoke bila tiketi yenye namba ya kiti. Na safari ikivunjika, wape taarifa mapema, mwenzio apate."

"Na daktari je?" nikauliza.

"Hata yeye alikutengeeni muda, nanyi hamkutokea. Mpigieni kwanza. Akishawapa siku, ndipo mtafute kiti cha siku hiyo."

Asubuhi nilipiga simu. Muuguzi akatupa Alhamisi. Mume wangu akaenda ofisini mwenyewe, akarudi na tiketi. Alimsomea mama jina lake kwa sauti, kama anatangaza redioni.

Alhamisi tukakuta dada mmoja amekaa kiti cha mbele. Mkono wa mume wangu ukapanda kichwani.

"Iache hiyo kofia!" nikamwambia.

Nikampa kondakta tiketi. Akaisoma, akamwomba yule dada ahamie kiti cha tiketi yake mwenyewe. Mama akakaa, akanyoosha mguu, akashusha pumzi.

Daktari alimfungua plasta siku hiyo hiyo.

Tuliporudi nyumbani, mume wangu aliweka kofia kwenye kiti chake cha kuegemea, akaenda kunawa. Mama akavuka sebule polepole, kwa gongo moja, bila kushikwa na mtu. Akaiondoa kofia. Akakaa.

Mume wangu akatokea, mikono inachuruzika maji.

"Baba, hiki ulikiwekea nafasi?" mama akamuuliza.

"Hapana, mama. Niliulizia tu."