Kibuyu cha Nahumu

Ndugu zangu, kipindupindu hakipandi mlima. Hilo sisi watu wa Luhangila tulilijua kabla hata hatujajengewa shule. Ugonjwa ule ni wa watu wa joto, wa huko Dar es Salaam, na ukijitahidi sana utafika Makambako, pale stendi penye vumbi na mishikaki. Lakini kwetu? Kwetu inzi akitua kwenye bakuli anatetemeka, anatafuta koti. Mwezi wa sita umande unaganda juu ya majani ya viazi hadi shamba linakuwa jeupe. Kijidudu gani kitakuja kuishi hapa bila sweta?

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikiwaambia wageni kila walipofika kutazama maporomoko yetu, nao walicheka wakashika mbavu. Mimi ni Elieza, mnanifahamu. Kidato cha nne nilimaliza, matokeo tusiyazungumze. Leo nimekaa niwasimulie yaliyoipata nyumba ya baba yangu mkubwa, Nahumu, na nitayasema yote. Mtu akitaka kufunika jambo, asiniite mimi.

Nyumba ile ilikuwa na amani, asiyejua ni nani? Iko ukingoni mwa bonde, nyuma kuna msitu wa mianzi, chini maji yanaporomoka kwenye mwamba yakipiga kelele mchana kutwa. Baba mkubwa alikuwa mtu wa viazi, pareto na ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Asubuhi anashuka mianzini kupunguza ncha za mianzi na kumwaga mbeta, vile vikopo vya mwanzi vinavyokinga utomvu, na jioni anakaa na mkewe, mama mkubwa Bertila, wakiota moto na kutaniana.

"Wewe Nahumu," mama mkubwa angesema, "ulanzi unaupenda kuliko mimi."

"Ulanzi haunigombezi."

"Basi ukapikiwe na mwanzi!"

Mimi nilikuwa nakula hapo. Baba yangu mzazi, mdogo wake Nahumu, alifariki nikiwa darasa la tatu, na tangu hapo sufuria yangu ilikuwa jikoni kwa mama Bertila.

Kisha zikaja zile habari za soko huria. Kila mtu na biashara yake, na serikali imeshusha mikono. Pareto ikakosa bei ya maana, viazi vikaoza kwa kukosa lori. Diwani akaja akatuambia kwamba wilaya yetu ni ya milima na maua, na kwamba utalii ni kilimo kisicho na palizi. Baba mkubwa alilipenda sana neno hilo. Usiku na mchana akawa anarudia: kilimo kisicho na palizi!

Aliyetuletea wageni ni Abdulaziz wa Makambako, mfanyabiashara aliyekuwa na pikapu ya kubebea mizigo. Alikuja kununua viazi, akayaona maporomoko, akasimama.

"Mzee Nahumu, nyinyi mnalala juu ya mali," alisema.

"Tunalala juu ya magunia, bwana."

"Nitakuletea watu. Makambako imejaa watu wa kutoka kila mkoa, Jumapili hawana pa kwenda."

Akawaleta kweli. Wakaja walimu, wakaja makarani, wakaja hata Wazungu wawili wa kujitolea waliopiga picha mbuzi wetu kuliko maporomoko. Kazi yangu ilikuwa kuwaongoza na kuwachekesha. Lakini kilichowavutia zaidi kilikuwa kibuyu cha Nahumu.

Mnaijua desturi yetu. Mwenyeji hampi mgeni ulanzi kabla hajaonja yeye mwenyewe. Anakunywa mafunda mawili mbele ya macho ya watu, anafuta mdomo, ndipo anaunyoosha mkono. Maana yake: nimekunywa, sijafa, hakuna ubaya ndani yake. Kisha kibuyu kilekile kinazunguka mdomo kwa mdomo mpaka kikauke. Wageni waliipenda sana desturi hiyo. Baba mkubwa akipiga mafunda yake walimpigia makofi.

Mwaka ule wa mvua za El Niño, kipindupindu kikaingia Makambako. Barabara zilikatika, vyoo vilifurika, watu wakaanza kulazwa kwenye mahema. Bwana afya akapanda na pikipiki yake mpaka kwetu, matope hadi magotini. Alisema mikusanyiko basi, pombe za kienyeji basi, maji yachemshwe, na mwenye kuharisha apelekwe hospitali mara moja, asifichwe.

"Bwana afya," nilimwambia, "hicho kijidudu kikifika hapa tutakiazima blanketi."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Kijana, maji ya baridi yanakinyima joto. Hayakiui." Akawasha pikipiki yake akaondoka, na sisi tukamwigiza mwendo wake hadi jioni.

Sasa sikilizeni vizuri. Jumamosi baada ya Pasaka ilikuwa ije kwaya kutoka Kitandililo, kundi kubwa kuliko yote tuliyowahi kupata. Na diwani alikuwa ameahidi kuja na watu wa wilaya, ili maporomoko yetu yaingizwe kwenye vivutio vya kutangazwa. Baba mkubwa alikuwa amefyeka njia, amejenga vibanda viwili vya nyasi, ameuza ng'ombe wake wa maziwa. Mama mkubwa alishuka Makambako kununua sukari na vikombe. Alirudi na sukari, akarudi na vikombe, akarudi na kingine ambacho hakikuonekana.

Alfajiri ya Jumamosi aliamka mapema, akamenya viazi kwa mikono yake, akachuja ulanzi. Na kwa kuwa wageni walikuwa wengi, akauongezea maji ya mtoni ukatosha. Jua lilipotoka akaenda chooni. Akarudi. Akaenda tena. Mara ya tatu hakufika, alikaa chini penye migomba akatapika. Kilichomtoka kilikuwa cheupe, kama maji ya kuoshea mchele.

"Nahumu," alisema, "huu ndio ule ugonjwa."

Baba mkubwa alisimama na ufagio mkononi. Nilimwona uso ukibadilika, na nawaambia ukweli, alikuwa anampenda mke wake. Lakini aliutazama ufagio, akavitazama vibanda, akatazama bondeni.

"Ni tumbo tu," alisema. "Ni uchovu wa safari. Mke wangu, wageni wakikuona hivi, hakuna mtu atakayekanyaga hapa tena. Pumzika kwenye ghala. Wakiondoka saa nane tunakupeleka hospitali, naapa."

"Mpaka saa nane?"

"Wala si mbali."

Ghala ni lile la viazi, nyuma ya nyumba, lenye kuta za udongo na mlango mmoja. Tukamtandikia magunia, tukamwekea ndoo na jagi la maji. Pikapu ikasikika ikinguruma mlimani, baba mkubwa akavaa koti lake akaenda njiani kupokea wageni. Na ili mama mkubwa asije akatoka kwenda chooni mbele za watu, baba mkubwa akauegemeza mlango kwa nje, akaukaza kwa mti.

Ndugu msomaji, usinitazame hivyo. Naandika yaliyokuwa.

Wageni wakashuka wakiimba, salamu zikajibizana. "Kamwene!" "Kamwene!" Mikono ikashikana, mikono ya kila mtu. Miongoni mwao alikuwamo bibi mmoja, Dorosela, mwimbaji wa sauti ya pili, mzee kuliko wote kwenye kwaya ile. Alinishika shavu.

"Wewe ndiye mchekeshaji? Nimepanda pikapu kwa ajili yako, mjukuu wangu. Mgongo wote unauma. Haya, nichekeshe."

Nikamchekesha. Nikawapa ile ya inzi na koti, nikawapa ya blanketi. Viazi vikaliwa. Baba mkubwa akainua kibuyu chake, akapiga mafunda mawili, akafuta mdomo, akampa bibi Dorosela wa kwanza kwa heshima ya umri. Makofi yakapigwa. Kibuyu kikazunguka.

Katikati ya wimbo, kutoka nyuma ya nyumba ikasikika sauti, kama mtu anayekoroma na kulia pamoja. Watu wakageuka.

"Nini hicho?" diwani, aliyekuwa amefika na watu wa wilaya, aliuliza.

"Mbuzi wetu," nilisema. "Anafanya mazoezi ya sauti ya tatu. Amesikia kwaya imekuja."

Walicheka mpaka wengine wakainama. Bibi Dorosela alicheka hadi machozi yakamtoka.

Aliyetuumbua ni Abdulaziz. Yeye ni Mwislamu, ulanzi hauonji, kwa hiyo wenzake walipokuwa wakipokezana kibuyu aliomba maji ya kutawadha, akaenda nyuma ya nyumba kutafuta mahali safi pa kuswali adhuhuri. Hatukusikia adhuhuri. Tulisikia mti ukitupwa, kisha mlio wa mtu mzima aliyetishika.

"Nahumu! Wewe Nahumu! Ndani kuna mtu!"

Alitoka amembeba mama mkubwa mikononi kama mtoto. Macho yake yalikuwa yamezama, vidole vimekunjamana, khanga yote imelowa. Midomo yake ilikuwa mikavu kama ganda la mahindi. Kwaya ikarudi nyuma, watu wazima wote wale, wakikanyagana.

Abdulaziz alimlaza kwenye pikapu, akavua koti lake akamfunika. Kabla hajawasha gari alimtazama baba mkubwa.

"Mzee, mimi nimewaleta watu hawa. Nimewaambia, kwa Nahumu ni kwangu. Kweli umewanywesha wote?"

Baba mkubwa bado alikuwa ameshika kibuyu.

Mama mkubwa aliokoka. Walimtundikia dripu mkono wa kulia na wa kushoto, na daktari alisema lau angechelewa kidogo tu tungekuwa tunachimba. Lakini wageni kadhaa walilazwa wiki ile. Na bibi Dorosela, aliyepanda pikapu ili achekeshwe, hakurudi kwaya. Alizikwa na watu wa afya waliovaa glavu, dawa ikanyunyizwa juu ya jeneza, na wanawe hawakuruhusiwa hata kumgusa paji la uso.

Vibanda vimeanguka. Diwani haji tena, na njia iliyofyekwa imerudi kuwa majani. Lakini hayo si adhabu. Adhabu ni hii: baba mkubwa alikwenda Kitandililo kuomba radhi, wakampa kiti, wakamjibu kwa upole, wakamsindikiza. Na alipofika nyumbani, msimu wa ulanzi ulipoanza tena, alionja mafunda mawili mbele ya majirani kama zamani, akafuta mdomo, akaunyoosha mkono. Mkono ukabaki umenyooka. Hakuna aliyepokea. Mpaka leo anaonja, ananyoosha, kisha anakimalizia kibuyu mwenyewe, huku akitazama chini.

FUNZO

Ndugu zangu, ugonjwa haujui mlima wala bonde, hauogopi baridi wala utani. Mgeni ni heshima, lakini afya ya mgonjwa wako ndani ya nyumba inatangulia. Anayemficha mgonjwa ili alinde jina lake atampoteza mgonjwa na jina pia. Tuchemshe maji, kila mtu awe na kikombe chake, na ugonjwa ukiingia tupaze sauti, hata kama wageni wako mlangoni. Biashara iliyofungwa kwa mwezi mmoja hufunguliwa. Kaburi halifunguliwi. Na wazee wetu wawe wa kwanza kuonyesha mfano, ili sisi vijana tusiaibike kwa ajili yao.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeishia, na niliona nimeandika vizuri. Mchungaji amekubali isomwe Jumapili baada ya ibada, hapa na Kitandililo. Jana jioni nikampelekea mama mkubwa Bertila nimsomee kwanza, maana ni habari yake. Alikuwa amekaa jikoni akipukuchua mahindi. Alisikiliza yote bila kunikatiza. Kwenye ile ya inzi na koti alitabasamu hata. Nilipomaliza funzo akaendelea kupukuchua.

"Umeandika vizuri," alisema. "Una kipaji, mwanangu."

"Asante, mama."

"Ila nisomee tena pale penye mlango."

Nikasoma: baba mkubwa akauegemeza mlango kwa nje, akaukaza kwa mti.

"Kabla ya hapo umeandika Nahumu alikuwa wapi?"

Nikatazama karatasi. "Alikwenda... njiani. Kupokea wageni."

"Ehe." Punje zikaanguka kwenye ungo. "Mimi nilikuwa naumwa, Elieza, sikuwa kiziwi. Jagi lilikwisha mapema. Niligonga. Nikasema, mwanangu, niletee maji. Mtu aliyekuwa nje akanijibu, 'Subiri kidogo mama, wanaimba.' Kisha nikasikia mti unakazwa. Nahumu ananiita mama tangu lini?"

Moto ulikuwa unawaka mbele yangu, lakini nikasikia baridi.

"Hajawahi kukanusha," nilisema, na sauti yangu haikuwa ya mchekeshaji. "Watu wote wanasema ni yeye, hajawahi kukanusha."

"Wewe ni mtoto wa mdogo wake. Alisema, mimi nimeshazeeka na aibu yangu, acha na hii niibebe." Akaweka gunzi chini, akachukua jingine. "Sasa niambie. Kibuyu chake, ambacho umeandika watu wanakikataa. Wewe tangu siku ile umekipokea?"

Nje tulisikia hatua zikipanda kutoka mianzini, na kikohozi tunachokifahamu sote. Mama mkubwa akageuza uso mlangoni.

"Nahumu!" akaita. "Ingia haraka, ukae. Mtoto ana hadithi yako, anataka kukusomea."