Uji Uliomwagiwa Kuku

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Esteri alimpelekea uji wa muhogo shangazi yake Immakulata, aliyelazwa chumba cha nyuma. Mwaka huo wa 1978 shangazi alikuwa amerudi Rungwe Mpya kutoka Kasulu mjini akiwa amebaki mifupa. Mama alitia chumvi na pilipili kwenye uji ili kumrudishia hamu ya kula.

"Amekula?" mama aliuliza.

"Amemaliza," Esteri alijibu, huku akiosha bakuli.

Ulikuwa uongo. Uji waliula kuku. Shangazi akionja tu, machozi humtoka, husukuma bakuli. Esteri alikiogopa kinywa kile: ulimi ulifunikwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, tena kilinuka. Angesema ukweli, angeambiwa akae naye ambembeleze.

"Anakula vizuri na bado anakonda," mama alisema. "Hiyo ni minyoo."

Akamnywesha dawa ya minyoo. Shangazi aliharisha mchana kutwa; jioni hakuweza hata kuketi. Mama akamwambia baba, "Kipriani, waite ndugu zako waje wamwone."

Esteri alielewa maana ya wito huo: ndugu huitwa kumuaga anayekufa.

"Mama, shangazi hali chochote. Namwagia kuku. Kinywa chake ni cheupe chote, uji unamchoma."

Mama hakumpiga. Alikwenda kumfumbua shangazi kinywa, akatazama.

"Mimi natia pilipili kwenye vidonda," alisema, "na wewe unanyamaza."

Kulipokucha walimbeba kwa machela hadi zahanati. Tabibu Nestori alimpaka dawa ya zambarau ulimini, akaagiza uji uliopoa, usio na pilipili.

"Hawa ni fangasi," alisema. "Hushika kinywa mwili ukiishiwa nguvu. Hao nitawatoa. Kilichommaliza nguvu sikijui."

Ilipita miaka ndipo jina la UKIMWI likafika Kasulu.

Wiki iliyofuata shangazi alimaliza bakuli, midomo yote zambarau.

"Kuku wako wamenona?" alimwuliza Esteri kwa sauti iliyokwaruza.

Esteri alichukua bakuli tupu, akatoka.

Nje, mama alimshika bega. "Sidhani kama atapona, usijidanganye. Lakini hatakufa kwa njaa katika nyumba yenye chakula. Mgonjwa akishindwa kusema, anayemhudumia ndiye wa kumsemea. Ukiona kitu kwake kikakutisha, hicho ndicho cha kuniambia kwanza. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya, mpelekee maji asukutue. Kisha kaa naye."