Jina la Kwanza Kwenye Simu ya Bilali

Komeo la mlango wa nyuma lililia kidogo gizani. Hadija akafumbua macho, akapapasa kitanda. Mumewe, Bilali, hakuwepo.

Adhana ya alfajiri ilikuwa karibu. Hadija alijifunga kanga akatoka. Bilali alikuwa amekaa chini kando ya jiko, kama jana, kama juzi.

"Baba Sofia, umelala kweli?"

"Kidogo."

"Nikuwekee chai?"

"Sina hamu."

Miezi minne iliyopita kifusi kilimuumiza Bilali mguu kwenye machimbo ya dhahabu ya Namungo. Akarudi nyumbani Mandawa. Mguu sasa ulikuwa umepona, lakini hakwenda shambani, wala msikitini, wala mpirani. Wiki hiyo aligawa jembe lake zuri. "Silihitaji tena," alisema.

Neno hilo lilimtisha Hadija. Lakini aliogopa kuuliza. Kwao aliambiwa tangu mdogo kwamba ukikitaja kifo, unakiita.

Asubuhi, kwenye bomba la maji, alimweleza Tabitha. Tabitha ni jirani, na ni mhudumu wa afya wa kijiji.

"Dada, hukiiti," Tabitha alisema. "Ukimuuliza humwekei wazo kichwani. Unampa nafasi ya kusema. Muulize taratibu, mkiwa wawili. Usimwache peke yake. Nakuja sasa hivi."

Hadija alirudi, akakaa karibu na mumewe.

"Baba Sofia, unawaza kujiua?"

Bilali aligeuka akamtazama. "Nawaza," alisema. "Naona nimekuwa mzigo kwenu."

Hadija hakumgombeza. Alimshika mkono. "Asante kwa kuniambia. Twende hospitali, mimi na wewe."

Siku hiyohiyo walikwenda Ruangwa pamoja na Tabitha. Daktari alimsikiliza Bilali bila haraka, akampa matibabu na tarehe ya kurudi. Pia alimwekea programu kwenye simu. Waliporudi, Hadija alihamishia dawa zote za kunyunyizia mikorosho kwa Tabitha, zikafungiwa stoo, mbali na Bilali.

Kisha Tabitha na Bilali wakakaa na ile simu.

"Programu hii haitibu, shemeji," Tabitha alisema. "Inakukumbusha cha kufanya siku ngumu. Haihitaji bando. Jaza hapa: dalili zako ni zipi?"

"Nakosa usingizi. Nataka kujitenga."

"Nini kinakutuliza?"

"Mpira redioni. Na kumwogesha Sofia."

"Sasa andika watu wa kuwapigia."

Bilali aliandika taratibu. Mwenyekiti wa kijiji. Imamu. Mjomba mkubwa.

Tabitha alisoma akacheka. "Shemeji, hii kamati ya harusi?"

"Siwezi kuwaruka wakubwa."

"Mwenyekiti ukimpigia unalia, atafanyaje?"

Bilali alifikiri. "Ataitisha mkutano."

Hadija alicheka mpaka akashika mbavu. Bilali naye akatabasamu.

"Wakubwa tunawaheshimu," Tabitha alisema. "Lakini nani ukimpigia hutaona aibu?"

"Gidioni."

Hadija alishangaa. Gidioni ni mfugaji aliyehamia kutoka Kanda ya Ziwa. Mwaka juzi ng'ombe wake waliingia kwenye ufuta wao, wakafikishana kwa mwenyekiti.

"Huyo si mligombana?"

"Tulimaliza. Nilipoumia si alileta maziwa kila siku? Hakuniambia nijikaze. Alikaa tu na mimi."

Wakampigia kumwomba ruhusa.

"Niweke," Gidioni alisema. "Ukiita nakuja. Ng'ombe nitamwachia mke wangu. Ila nikikuta mmepanda ufuta njiani, msinilaumu."

"Njia gani? Lile ni shamba letu," Bilali alisema.

"Haya, naona sauti imerudi."

Bilali akaliandika jina la Gidioni juu ya mengine yote.

Mwezi uliofuata siku ngumu ilifika kweli. Hadija alikuwa mnadani. Bilali alihisi yale mawazo yanarudi. Akafungua programu. Palikuwa pameandikwa: kama hatari iko karibu, usingoje, usikae peke yako, nenda hospitali na mtu. Akabonyeza jina la kwanza.

Gidioni alifika na fimbo yake, matope mpaka magotini. Hakuuliza mengi.

"Tukae kwanza, au twende?"

"Twende," Bilali alisema.

Wakapanda bodaboda hadi hospitali. Hadija aliwakuta hukohuko. Daktari alibadilisha dawa, akamsogezea Bilali tarehe ya kliniki iwe karibu zaidi.

Siku hizi Bilali analala. Amerudi kwenye mikorosho yake, na kliniki haachi. Kuna asubuhi ambazo bado ni nzito, na sasa anamwambia Hadija mapema. Gidioni naye anapiga simu karibu kila jioni, kujua hali tu.

Jana jioni simu iliita wakati familia inakula. Sofia, mwenye miaka mitano, aliiwahi.

"Baba yako yupo?" Gidioni aliuliza.

Sofia alimtazama baba yake akimega ugali.

"Baba yupo, anakula," akasema.