Gonga, Sikiliza, Funga

Jua lilikuwa limeshalegea Mkutubi alipotoka kwa fundi miwani na kushika njia ya nyumba ya Shangazi. Miwani ilikuwa mkobani, imeviringishwa kitambaa. Hakuwa na haraka. Maktaba ilikuwa imefungwa kwa kiangazi, na tangu siku hiyo alikuwa akimaliza viporo vyake. Alikuwa amefua mapazia na kuanika nyanya. Alikuwa amesoma zile riwaya zilizomtazama kwa lawama tangu masika. Hatimaye alikuwa ameirudia blogu yake, ambayo ilikuwa imeota kutu.

Wasomaji wa blogu ile walikuwa ndugu na jamaa, pamoja na wageni wachache waliopotea njia. Aliwasimulia habari za vitabu, za mapazia, na za nondo walioyatoboa. Mwishoni akagusia utafiti wake wa historia ya ukoo, na akauliza swali moja dogo.

"Kwa nini sisi hugonga ukuta?"

Maana katika ukoo wao, kila jioni kabla ya mlango kufungwa, mtu mmoja hugonga ukuta wa ndani mara tatu. Hutega sikio. Kisha husema, "Kimya. Tufunge." Ndipo komeo huingia. Mkutubi alikuwa mtu mzima alipogundua kwamba watu wengine hufunga milango yao hivi hivi tu.

Majibu yakamiminika.

"Hata mimi nagonga," aliandika binamu yake, seremala. "Mke wangu anasema nasalimia mchwa."

"Nilipopanga chumba mara ya kwanza," aliandika dada yake, muuguzi, "jirani alifungua mlango akauliza nataka nini. Nusura anioe."

Walicheka sana. Lakini sababu hakuna aliyeijua. Wote walisema neno moja: muulize Shangazi.

Mkutubi alikuwa na swali la pili, ambalo hakuliandika. Bibi yake mzaa baba alikuwa wapi? Hadithi ya nyumbani ilikuwa fupi: alikuwa mke mdogo wa Babu, akamwacha mtoto angali ananyonya, akarudi kwao. Basi. Baba yake Mkutubi aliibeba hadithi hiyo kama jiwe kifuani. Hata kitandani pa mauti, pumzi zikimkatika, alikuwa akiuliza, "Mama gani huacha mtoto anayenyonya?" Alikufa akimlaani. Mkutubi alitaka kumpata bibi huyo, hata kama ni kaburi tu, ajue ukweli.

Nyumba ya Shangazi ndiyo aliyoijenga Babu. Kuta zake zilikuwa za udongo, nene kama magodoro, na ushoroba wake mrefu uliishia kwenye ukuta mtupu, usio na mlango wala dirisha. Shangazi alikuwa ameketi kizingitini akichambua maharage kwa ncha za vidole.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea macho yangu?"

"Haya hapa."

Akayavaa, akamtazama juu hadi chini. "Kumbe umenenepa."

"Likizo hiyo, Shangazi."

"Likizo hainenepeshi mtu. Kula ndiko kunakonenepesha. Keti."

Mkutubi akaketi, akamsaidia kuchambua. Kwa upole, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, akauliza habari ya kugonga ukuta.

Vidole vya Shangazi vikasimama.

"Umeuliza huko mtandaoni kwenu?"

"Nimeuliza. Hakuna anayejua."

"Na wewe ukijua, utalala?"

"Nitajaribu."

Shangazi akatupa harage bovu uani. Akasimulia bila kuinua sauti, kama anayesimulia namna ya kutia kiraka.

"Kiangazi kimoja, kabla sijazaliwa, watoto wa mama yangu walikufa kwa homa. Mama alikuwa mke mkubwa. Mke mdogo alikuwa na kichanga chake, na hicho hakikuugua. Watu wakaanza kunong'ona. Kwa nini chake kipone? Wakasema ni mchawi. Baba hakutaka damu mikononi. Mwisho wa ushoroba palikuwa na ghala. Akaingizwa humo. Mwashi akaja na udongo mbichi, akauziba mlango."

Mkutubi akageuza macho kuelekea ushorobani.

"Kila jioni Baba aligonga ukuta. Alitaka kujua kama bado yumo. Naye alijibu. Ko, ko, ko. Siku za kwanza aliomba maji. Baadaye akawa anajibu kwa kugonga tu. Halafu jioni moja hakujibu. Baba akasema, 'Kimya. Tufunge.'"

"Lakini mkaendelea kugonga."

"Utajuaje kama mchawi amekufa kweli?"

Giza lilikuwa likiingia uani taratibu. Mkutubi aliuliza neno moja tu.

"Kichanga?"

"Mama yangu alikinyonyesha. Kikakua." Shangazi akapangusa miwani kwa ncha ya kanga. "Baba yako alikuwa na masikio mazuri kuliko sisi sote. Ndiye aliyekuwa akitumwa kugonga."

Mkutubi akaiona picha. Mtoto mdogo ushorobani, jioni baada ya jioni, sikio lake limebanwa ukutani... akisikiliza kama mama yake amekufa.

"Ulikuwepo Baba alipokuwa anakata roho," alisema. "Ulimsikia anavyomlaani mama yake."

"Nilimsikia."

"Ukanyamaza."

"Ningesema ili iweje? Hata ile homa, mwanangu, ilizoa watoto wa mtaa mzima mwaka ule. Tulikuja kujua baadaye. Basi ingesaidia nini?" Akajikongoja kusimama, mkono kiunoni. "Magoti haya. Nenda ukanigongee, nifunge."

Alilisema kama alivyolisema siku zote.

Mkutubi akaingia ushorobani. Kulikuwa na harufu... Siyo ya vumbi. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi uliokandwa sasa hivi. Akafika kwenye ukuta mtupu. Akagonga.

Akatega sikio.

Kimya.

Kisha, upande wa pili, karibu kabisa na shavu lake...

Ko.

Ko.

Ko.

Miguu ilitaka kukimbia, lakini hasira ilikuwa imemshika pale pale, hasira iliyotulia, baridi kama maji ya mtungi. Akasogeza midomo mpaka ikagusa udongo.

"Bibi," alinong'ona. "Aliyejua akanyamaza, yumo humu ndani."

Udongo ukawa na unyevu chini ya midomo yake.

"Vipi huko?" Shangazi aliuliza kutoka mlangoni.

Mkutubi akajifuta mdomo. "Kimya, Shangazi. Tufunge."

Akatoka, akamuaga kwa adabu zote. Akalisikia komeo likiingia nyuma yake.

Asubuhi jirani alimpigia simu: mlango wa Shangazi haufunguki, naye haitiki. Seremala alikuja na vyombo vyake akaling'oa komeo, lililokuwa limefungwa kwa ndani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Maharage yalikuwa kwenye sufuria, yamelowekwa, yanangoja moto. Madirisha yote yalikuwa na vyuma vyake.

Shangazi hakuwepo.

Seremala alipokuwa akiita chumba kwa chumba, Mkutubi alikwenda peke yake mwisho wa ushoroba. Miwani ilikuwa sakafuni, chini ya ukuta. Ukuta ulikuwa mbichi. Ulikuwa na alama za viganja, viganja vilivyoupiga lipu na kuusawazisha vizuri, kazi ya mtu aliyepata muda mrefu wa kuisomea.

Akabana sikio.

Ko... ko...

Hafifu. Kama mtu mwenye magoti mabaya, aliyechoka kusimama.

"Vipi huko?" Seremala akauliza kutoka chumbani. "Unasikia kitu?"

Nyundo ilikuwa mkononi mwa binamu yake. Ukuta ulikuwa bado laini, hata mtoto angeubomoa. Mkutubi alimfikiria baba yake kitandani. Akaiokota miwani, akaitia mkobani.

"Kimya," alisema. "Tufunge."

Seremala alirudi kwake akisema huenda komeo lilijiangukia Shangazi alipotoka, na jamaa wote walitaka habari. Mchana ule akafungua blogu, na kwa mara ya kwanza kiangazi kizima maneno yakamjia bila kusuasua. Aliandika kwamba sababu ya kugonga ukuta haijulikani, imepotea na wazee. Aliandika pia kwamba Shangazi amewaaga. "Amerudi kwao," aliandika. "Tusimtafute."

Aliisoma tena sentensi ile. Kuna mahali alikuwa ameisikia. Akataka kuifuta, lakini ndugu walikuwa wameshaanza kujibu, wakimtakia Shangazi safari njema. Hakuifuta.

Jioni ilipoingia hakugonga ukuta. Alifunga mlango hivi hivi tu, kama watu wengine, akaketi na kitabu. Aliusoma ukurasa mmoja, akaurudia, akaurudia tena. Harufu ilikuwa imeshaanza. Alidhani ni mvua, lakini kiangazi mvua itoke wapi?

Ko.

Ko.

Ko.

Ukuta wake mwenyewe, nyuma ya rafu ya vitabu.

Baada ya kugonga, kukawa na utulivu. Ulikuwa utulivu wa mtu anayetega sikio, naye aliujua, maana alikuwa ametega sikio hivyo hivyo yeye mwenyewe asubuhi ile.

Alitaka kusema, "Mimi ni mjukuu wako." Alitaka kusema, "Nilifanya kwa ajili yako." Lakini Shangazi naye aliwahi kuwa na maneno yake mazuri, na hayakumsaidia. Mkutubi akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Akatulia tuli, ili Bibi apite asimwone.

Hapo ndipo alipotambua kosa lake.

Upande wa pili wa ukuta sauti ya mtoto, mtoto mwenye masikio mazuri, ikasema polepole:

"Kimya."

Na sauti ya mwanamke, kavu kama mtu aliyeomba maji hadi akachoka kuomba, ikaitikia:

"Tufunge."

Mkutubi akaruka kutoka kitini, akageukia mlango. Chumba kizima kilikuwa kimelowa. Akapapasa ukuta huu, akapapasa ule, vidole vikizama katika udongo laini. Mlango hakuuona.

Akakunja ngumi, akaanza kugonga.