Nilimletea Kerubo Salamu za Mama Aliyekwisha Kufa

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, ninaishi mji wa Hopkins huku Marekani na ninasomea uuguzi. Haya ninayowaandikia sijawahi kuyasimulia nikamaliza bila kulia...

Shangazi yangu ndiye aliyenileta Marekani. Alikuwa na nyumba ya kutunzia wazee kule Woodbury, nami niliishi humo nikimsaidia. Mwaka jana akamleta Kerubo, mwanamke wa miaka thelathini na moja kutoka kijiji chetu kule Kisii. Siku aliyofika, shangazi alichukua pasipoti na simu yake, akaniambia nivifungie kabatini. Ati asije akavipoteza! Ufunguo nikakaa nao mimi.

Kerubo alilala chumba cha chini ya nyumba na kufanya kazi Jumatatu hadi Jumapili. Hata kanisani hakuruhusiwa. Chuoni tulifundishwa habari za meli za watumwa, nikawalaani wale vijana mabaharia waliowafunga wenzao minyororo. Kisha nikapanda basi nikarudi Woodbury, ufunguo mfukoni. Nilikuwa kipofu wa namna gani?

Kerubo aliondoka nyumbani akiwa amekosana na mama yake, ambaye hakutaka aje huku. Hilo lilimnyima raha. Shangazi alimkataza kupiga simu, kwa hiyo alinituma mimi.

"Moraa, mdogo wangu, mwambie nimekosa. Anisamehe tu."

Nilipiga. Mama yule alinijibu kwamba msamaha hautumwi kupitia mtu mwingine. Alitaka nimpe simu binti yake, amsikie mwenyewe. Ningeweza kumpa simu yangu dakika mbili tu, tena shangazi akiwa sokoni! Niliogopa kufukuzwa.

Wiki iliyofuata mama yule akafariki.

Shangazi alipopata habari aliniambia ninyamaze. Kwetu habari ya msiba haitupwi tu kwa mfiwa, alisema, hungoja watu wazima wamkalishe chini. Kweli, ndiyo desturi yetu. Lakini siku zilipita na hakuna aliyeitwa! Alihofia tu kwamba Kerubo angeacha kazi adai kwenda kuzika.

Siku moja Kerubo aliniuliza tena mama amesemaje, macho yamemvimba. Nami, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia mama amemsamehe na anamsalimu sana. Alinikumbatia, jamani! Akafanya kazi siku hiyo akiimba...

Kesho yake adhuhuri, shangazi akiwa ametoka, wanawake wawili wa kanisani kwetu walibisha hodi wakiwa na chapati na chupa ya chai. Taarifa ya msiba walikuwa wameipata kwenye grupu ya Wakenya. Kerubo mwenyewe ndiye aliyewafungulia.

"Pole sana, dada. Tumekuja kulia na wewe."

"Tulie nini?" aliuliza.

Walipomweleza, hakupiga yowe. Aligeuka akanitazama. Nilikwenda kabatini, nikamletea pasipoti na simu, na wale wanawake wakaondoka naye. Baadaye niliwaeleza polisi kila kitu. Ukoo mzima umenitenga, lakini kwa hilo siwalaumu.

Sasa Kerubo anafanya kazi ghalani Shakopee. Nimemwandikia mara nyingi kumwomba radhi, naye amenijibu mara moja tu: "Uliniambia mama amenisamehe. Sasa nimuulize nani?"

Ndugu wasomaji, mkiambiwa mfungie vitu vya mtu mzima, kataeni siku hiyo hiyo, hata kama anayewatuma ndiye anayewalisha. Mimi nilijiambia natii tu. Swali la Kerubo ninalo kwenye simu hadi leo.